Mpiga Mbiu na Mshereheshaji: Habari za Kazi ya Kunena Mbele za Watu

Habari za arusi, na tohara, na ngoma, na matanga zimeandikwa mara nyingi na waandishi wa desturi za pwani na za bara. Lakini yuko mtu mmoja aonekanaye katika mikutano hiyo yote, wala habari zake hazikuandikwa ila mstari mmoja hapa na mmoja pale. Huyu ndiye asimamaye kati ya mwenye shughuli na watu walioalikwa, akatoa neno kwa sauti ili wote walisikie. Zamani aliitwa mpiga mbiu, au mnadi, na katika ngoma aliitwa manju. Siku hizi aitwa mtangazaji, au mshereheshaji, na watu wengi humwita kwa herufi mbili tu, MC.

Tumewaza kuandika habari zake kwa sababu kazi hii imekuwa karibu nasi sana. Mwalimu wa shule huombwa kuongoza shughuli ya mahafali, katekista huombwa kuongoza sikukuu ya parokia, na kijana tuliyemfundisha kusoma jana leo ashika kipaza sauti mbele ya watu mia tano. Tena wako Tanzania watani waliozifungua herufi zile mbili kwa Kiswahili, wakasema maana yake ni "Msema Chochote". Neno hili ni la mzaha, lakini mzaha wa watu wetu mara nyingi hubeba hukumu. Basi yatupasa kuuliza: je, mtu huyu tangu asili alikuwa msema chochote? Na kama sivyo, aligeuka lini, na kwa njia gani?

Mbiu na mgambo

Mbiu kwa asili ni pembe, hasa pembe ya nyati. Ilitumika kwa namna mbili: ama ilipulizwa kama baragumu, ama iligongwa kwa kijiti. Kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, yaonyesha jinsi jina la chombo lilivyogeuka kuwa jina la jambo lenyewe. Kupiga mbiu ni kutangaza, hata kama hapana pembe karibu. Mgambo nao ulikuwa tangazo kwa watu wote, neno la mkubwa kwa watu wake. Kwa hiyo methali isemayo, "Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo", si habari ya muziki. Yatufundisha ya kwamba sauti ile haikutolewa bure, na aliyeisikia hana haki ya kukaa kitako.

Twaona mambo mawili katika methali hii. La kwanza, pembe haina maneno. Yasema tu, "Njoni msikie." Pembe hutangulia, neno likafuata. Na kwa kuwa pembe haina maneno, nguvu yake yote ni imani ya watu. Mji ambao mbiu yake hulia pasipo jambo, siku ya moto au ya vita hapana atakayetoka nyumbani. La pili, mbiu ile ina mwenyewe. Ni mbiu ya mgambo, wala si mbiu ya yule aipigaye. Mpiga mbiu ni mlango tu, na neno ni la aliyemtuma.

Hapa ndipo ilipo maana ya methali nyingine, "Mjumbe hauawi." Watu wengi huisema kana kwamba ni huruma kwa mjumbe. Kwa kweli ni mapatano. Mjumbe hauawi kwa sababu neno si lake, na salama yake huinunua kwa kutoongeza wala kupunguza. Siku atakapotia neno lake mwenyewe kati ya maneno aliyotumwa, amevunja mapatano, na methali haimkingi tena. Mshenga wa arusi naye yumo katika sheria hiyo hiyo. Huenda kwa wazazi wa msichana akanena kwa ufasaha, pengine kwa mafumbo, lakini hana ruhusa ya kuahidi mahari asiyotumwa kuahidi.

Si vibaya tukitazama maneno yenyewe yalivyosafiri. Pwani ya Mrima mkubwa wa mji aliitwa jumbe, na aliyetumwa na mtu aliitwa mjumbe. Shina la maneno yote mawili laonekana kuwa moja, kana kwamba mkubwa na mtumwaji walikutana katika kulibeba neno. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandiko yake yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903 katika kitabu cha "Desturi za Wasuaheli", ametuachia habari nyingi za majumbe hao na heshima zao. Siku hizi majumbe wa namna ile hawapo tena, lakini mjumbe wa nyumba kumi wamjua wote. Neno mgambo nalo limehama: katika Tanzania ya leo mgambo si tangazo, bali ni askari wa akiba wa mahali. Mtoto wa shule akiisikia methali ya mbiu hudhani ni habari ya askari hao. Ni kazi ya mwalimu kumweleza.

Siwa

Palikuwa na pembe nyingine iliyo kubwa kuliko mbiu, nayo ni siwa. Siwa mbili zilizo mashuhuri ni ile ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu, na ile ya Lamu, iliyofanyizwa kwa shaba. Ile ya Pate urefu wake wapata mita 2. Zote mbili zimehifadhiwa Lamu, na wageni huenda kuzitazama. Siwa ilipulizwa katika kutawazwa kwa mtawala, na katika arusi na tohara za waungwana. Haikuita watu waje kusikia amri, bali ilitangaza ya kwamba shughuli hii ni ya mtu mwenye daraja.

Katika Habari za Pate, ambazo Alice Werner alizitoa kwa Kiswahili na Kiingereza katika miaka ya 1914 na 1915, yasimuliwa ya kuwa mwanamke wa jamaa ya watawala, Mwana Darini, aliinyimwa siwa alipotaka kufanya sherehe ya tohara. Hakunyamaza, wala hakufanya sherehe isiyo na sauti. Alimwita fundi, akamchongea siwa nyingine. Kisa hiki chatufundisha jambo kubwa. Mwenye kushika chombo cha kutangaza ameshika daraja za watu. Aweza kumwinua mtu kwa kumpulizia, na aweza kumshusha kwa kukaa kimya tu. Mshereheshaji wa leo asomaye majina ya wageni wa heshima, akarukaruka mengine, ameishika siwa ya Pate pasipo kujua.

Mnadi, mhubiri, na kengele

Pamoja na pembe lilikuwako neno la Kiarabu, kunadi, maana yake kuita kwa sauti. Mnadi alipita njiani na sokoni akitangaza. Na kwa kuwa bidhaa nazo zilitangazwa hivyo, mahali pa kuuza kwa kushindania bei paliitwa mnada. Leo neno hili limeingia katika siasa: chama hunadi sera zake, na mgombea hunadiwa jukwaani. Hatusemi kwamba ni vibaya, lakini msikilizaji mwenye busara ataona ya kuwa neno moja latumika kwa amri ya mkubwa, kwa ng'ombe wa mnadani, na kwa mtu atakaye kura.

Waliotafsiri Maandiko Matakatifu walihitaji maneno ya kazi hii, wakayachukua yaliyokuwa midomoni mwa watu. Katika Biblia ya Union Version iliyotoka mwaka 1952, sura ya 3 ya Danieli, anayetangaza amri ya mfalme ya kuisujudia sanamu ni mpiga mbiu. Na katika sura ya 2 ya Yohana, pale Kana, yuko mkuu wa meza. Wachungaji wengi wakihubiri katika arusi humtaja huyu kwa kicheko, wakisema alikuwa MC wa siku zile. Mfano wenyewe si mbaya, kama tukiutazama vizuri. Mpiga mbiu wa Danieli alitangaza kwa uaminifu neno lililokuwa ovu. Mkuu wa meza hakujua divai ilitoka wapi, naye hakujifanya kujua. Alisema tu lile aliloonja. Kati ya wawili hawa yapatikana mafundisho ya kutosha kwa mtu yeyote atakaye kusimama mbele za watu.

Misheni nayo ilileta chombo chake, ndicho kengele. Wasomaji wa Mombasa wapajua mahali paitwapo Kengeleni. Jina hilo latoka kwa kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na Church Missionary Society mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa katika utumwa. Kengele ile haikuwa ya ibada tu, bali ilikuwa pia ya kuwaonya watu kama wenye kuwinda watumwa wakionekana. Kwa hiyo watoto wa kijiji kile walijifunza mapema ya kwamba sauti moja yaweza kuwa na maana ya salama au ya hatari, na kwamba mwenye kuivuta kamba hana ruhusa ya kucheza. Shule zetu nyingi hazina kengele ya shaba; hugonga gurudumu la gari lililotundikwa mtini, au kipande cha reli. Sheria ni ile ile, na mtoto agongaye pasipo kutumwa huadhibiwa.

Mbali na pwani, katika nchi ya Congo karibu na Kisangani, ngoma za mti za Walokele zilifanya kazi ya mbiu kwa namna ya ajabu. John Carrington, mmisionari wa Yakusu, alizieleza katika kitabu chake "Talking Drums of Africa" cha mwaka 1949. Ngoma ile hufuata sauti za juu na za chini za maneno ya lugha. Lakini kwa kuwa maneno mengi hulingana kwa sauti hizo, mpigaji hasemi neno moja peke yake; huliongezea maelezo marefu mpaka asikiaye asiweze kukosea. Hii ndiyo sababu ya mtangazaji mwema kurudia. Harudii kwa kupenda sauti yake, bali kwa kumhurumia aliye mbali.

Manju na ulimi ulio huru

Kama tungekoma hapa, tungesema ya kuwa "Msema Chochote" ni uharibifu wa siku hizi tu, na kwamba wazee wote walinena kwa kipimo. Lakini hiyo si kweli. Mshereheshaji ana baba wawili, na baba wa pili ni manju.

Manju ni kiongozi wa nyimbo za ngoma. Mwenzake katika utungo ni malenga. Huyu hakutumwa na mtu. Alisimama katikati ya wachezaji akatoa neno, na watu wakamwitikia. Aliwasifu waliotoa, akawatia aibu wenye choyo, akawatupia vijembe watu wa ngoma shindani, wala hapakuwa na mtu wa kumwuliza, "Nani amekutuma?" Katika ngoma ya gungu, ambayo Edward Steere aliieleza katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili cha mwaka 1870, nyimbo nyingi zilikuwa za mafumbo. Jambo lisiloweza kusemwa barazani mchana lilisemwa usiku kwa fumbo, na mwenye kuguswa akajua kuwa ameguswa. Uhuru huo ulikuwa na faida yake: mji usio na mahali pa kumchekea mkubwa ni mji wenye uchungu.

Usukumani mashindano ya ngoma yana vyama viwili tangu zamani, Wagika na Wagalu. Husimama siku moja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi kumtazama. Padre David Clement wa Wamisionari wa Afrika, aliyeanzisha kituo cha Bujora karibu na Mwanza, hakuyakataza mashindano hayo. Aliyapa nafasi katika sikukuu ya Ekaristi, na sherehe ya Bulabo yajulikana hata leo. Wasomaji wetu walio mapadre wataona hekima ya jambo hilo.

Basi tofauti ya baba hawa wawili ni hii. Mpiga mbiu hupimwa kwa ukweli, na manju hupimwa kwa wingi wa watu. Mpiga mbiu akimaliza, watu huuliza, "Amesema nini?" Manju akimaliza, watu husema, "Amesemaje!" Kila mmoja alikuwa na mahali pake na saa yake, wala mtu hakuwachanganya. Hakuna aliyekwenda kumsikiliza manju ili apate habari ya kodi, wala hakuna aliyemtunza mpiga mbiu kwa ufasaha wake.

Jinsi wawili walivyokutana

Kukutana kwao kulikuja polepole. Ngoma ya beni, iliyozuka pwani katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, ilikuwa ya kwanza kuchanganya amri na mchezo. Vyama vyake, kama Marini na Arinoti katika Tanganyika, vilikuwa na vyeo vya mfalme na jemadari na daktari. Palikuwa na gwaride, palikuwa na utaratibu wa nani aingie kwanza na nani aketi wapi. Hapo ngoma ikapata ratiba.

Kisha ikaja siasa ya kutafuta uhuru. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926, alikuwa mwimbaji kiongozi katika chama cha ngoma cha wanawake kilichoitwa Bomba, mjini Dar es Salaam. Mwaka 1955 alipowekwa kuwaongoza wanawake wa TANU, alikwenda kwanza kwa viongozi wa vyama vya ngoma, nao wakawaleta watu wao. Sauti iliyozoea kuitikiwa uwanjani ikawa sauti ya kuita mkutano. Ulimi ulikuwa wa manju, na neno lilikuwa la mgambo. Katika yeye baba wale wawili walikaa pamoja pasipo kugombana, kwa sababu neno alilobeba alilijua, naye aliliamini.

Chombo kilichowaunganisha kabisa ni redio. Mombasa, Sauti ya Mvita ilianza mwaka 1947. Dar es Salaam matangazo yalianza mwaka 1951. Hapo likapata nguvu neno mtangazaji, litokalo katika tangaa, kuenea. Msikilizaji wa Songea au wa Kigoma hakuona uso, alisikia sauti tu. Sauti ile ile ilisoma taarifa ya habari, ikatangaza salamu na nyimbo, na jioni ikasoma matangazo ya vifo. Wazee wengi wakumbuka jinsi nyumba nzima ilivyonyamaza yaliposomwa majina ya ndugu wa marehemu na mahali walipo, ili habari iwafikie popote. Hapakuwa na mzaha hapo. Yule ni mpiga mbiu hasa, kwa maana tangazo lile likikosewa jina moja, mtu angefika baada ya maziko.

Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982

Hatari iliyomo katika kazi hii ilionekana wazi Nairobi mwaka 1982. Leonard Mambo Mbotela alikuwa mtangazaji ajulikanaye kote Kenya. Alizaliwa Freretown mwaka 1940, katika ukoo wa wale waliokombolewa. Baba yake, James Juma Mbotela, ndiye mwandishi wa kitabu cha "Uhuru wa Watumwa" cha mwaka 1934, ambacho walimu wengi wa misheni walikisoma na kukisomesha. Mwana alianza mwaka 1966 kipindi kilichoitwa "Je, Huu ni Ungwana?", akiwauliza watu kwa upole na kwa mzaha habari za adabu: je, ni ungwana kusoma barua ya mwenzio, au kufika kwa watu saa ya chakula? Twaweza kusema alikuwa mwalimu wa adabu kwa taifa zima, mwenye ulimi wa manju na nidhamu ya mpiga mbiu.

Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982 askari walioasi walimtoa nyumbani kwake, wakampeleka kituoni, wakamlazimisha kutangaza ya kuwa serikali imepinduliwa. Watu waliisikia sauti waliyoizoea, wakaamini. Baadaye siku ile ile, maasi yaliposhindwa, sauti hiyo hiyo ilitangaza ya kwamba serikali ingalipo.

Twauliza, kwa nini waasi hawakusoma tangazo lao wenyewe na kutosheka? Kwa sababu walijua ya kwamba maneno yao hayana mbiu. Pembe ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, naye aliijenga kwa miaka mingi ya kusema kweli katika mambo madogo. Walitaka kuiazima imani hiyo kwa saa moja. Hatumhukumu mtu aliyenena mbele ya bunduki. Mjumbe hauawi, na waliomtuma ndio wa kuulizwa. Alifariki mwezi wa Februari mwaka 2025, na watu walimlilia kama mtu wa nyumbani. Lakini siku ile yatuonyesha thamani ya kitu ambacho vijana wetu hukipoteza kwa kicheko: sauti inayoaminiwa.

Arusi ya siku hizi

Sasa tumfikie mshereheshaji mwenyewe, maana wengi humwona kila Jumamosi. Katika miji ya Tanzania arusi huanza na kamati, na kadi za mchango, na vikao. Siku ikifika, watu hukaa ukumbini, maarusi huketi mahali palipoinuliwa, na wakubwa huketi meza kuu. Mshereheshaji hushika ratiba: kuingia kwa maarusi, utambulisho wa jamaa, kukata keki na kulishana, chakula, zawadi, nasaha. Katika shughuli nyingi huletwa ndafu, yaani mbuzi mzima aliyechomwa, desturi iliyotoka kwa Wachaga ikaenea kwa watu wa makabila mengine. Jamaa huitwa kikundi kwa kikundi kutoa zawadi, nao huja wakicheza.

Yeye aongozaye haya yote amefanya kazi za watu wengi wa zamani. Akitambulisha jamaa za pande mbili, ni mshenga. Akitangaza gari lililoziba njia, ni mpiga mbiu. Akiwainua watu wacheze, ni manju. Akitaja daraja za wageni, ana siwa mkononi. Wala si kosa lake kwamba kazi hizi zimewekwa juu ya kichwa kimoja. Wako wazifanyao vizuri, nao wastahili ujira na heshima. Mshereheshaji mwema huokoa shughuli iliyochelewa, huwafariji wazazi wenye hofu, hupoza ugomvi kwa mzaha mmoja, na watu wakaenda zao wakidhani hapakuwa na neno.

Uharibifu huingia pale anapotumia ulimi wa mmoja katika saa ya mwingine. Huwataja watu wa zawadi kwa kiasi cha fedha, akawasifu wenye nyingi na kuwachezea wenye kidogo, mpaka mjane aliyeleta doti ya kanga aona haya kusimama. Humtania bibi arusi mbele ya baba mkwe kwa maneno ambayo hata kungwi hangeyasema ila faraghani. Huahidi kwa niaba ya kamati jambo ambalo kamati haikuliahidi. Hapo ndipo jina la Msema Chochote lilipozaliwa. Manju wa zamani naye aliwatia watu aibu, lakini aliwatia aibu wenye choyo, wala si maskini. Na waliokwenda uwanjani walijua wanakwenda kusikia vijembe. Aliyealikwa arusini hakualikwa kuaibishwa.

Liko na kosa la upande wa pili. Wengi, wakiogopa kukosea daraja za wakubwa, husema kwa ufupi, "Itifaki imezingatiwa," wakapita. Neno hili ni zuri kwa kuokoa saa, na wasikilizaji hulishukuru. Lakini likisemwa mahali ambapo mzee mmoja alitembea tangu alfajiri ili atajwe mbele ya wajukuu wake, itifaki haikuzingatiwa. Ufupi nao wataka akili.

Katika misiba twaona ya kuwa watu wetu hawajasahau. Kijana yule yule aliyepiga kelele Jumamosi, akipewa siku ya Jumatatu kuongoza ratiba ya maziko, hushusha sauti, husoma wasifu wa marehemu kama ulivyoandikwa, hutaja saa na njia ya makaburini, akaketi. Hapana aliyemfundisha. Ajua ya kuwa hapo hakutumwa kupendeza. Basi ujuzi anao. Kilichobaki ni kuutumia hata siku ya furaha.

Maana mbili za sherehe

Tukitazama jina lake, twaona limechaguliwa vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Katika shule za Kenya husikika pia jina la mfawidhi, lakini Tanzania neno hilo ni la mwenye madaraka, kama hakimu mfawidhi au mganga mfawidhi. Mshereheshaji latoka katika sherehe, na sherehe katika Kiswahili ina maana mbili. Moja ni shangwe na fahari ya siku kuu. Ya pili yaonekana nyuma ya vitabu vya mashairi, ambapo sherehe ni maelezo ya maneno magumu, yaani kumfungulia msomaji lile lililofumbwa. Maana hii ndiyo iliyo karibu na asili ya Kiarabu, ambayo ni kueleza na kufafanua.

Kwa hiyo mshereheshaji si mtia shangwe tu. Ni mfunguzi wa maana. Kazi yake ni kuwaeleza watu walioketi kwa nini jambo hili lafanyika, na nani amelifanya, na nani wa kushukuriwa. Mgeni kutoka kabila jingine asipoijua maana ya ndafu, au ya mkaja anaopewa mama, mshereheshaji ndiye wa kumfungulia. Akifanya hivyo, watu hutoka ukumbini wakiwa wameongezewa kitu. Asipofanya hivyo, wametoka na kelele masikioni.

Twawasihi basi wenzetu walimu wasiidharau kazi hii wala kuwaachia wasio na mafunzo. Katika shule za zamani mtoto alitumwa na neno kwa mwalimu wa darasa jingine, akarudi, akaulizwa, "Umesema nini?" Hilo lilikuwa zoezi la mpiga mbiu, na linafaa hata sasa. Afundishwe kwanza kulibeba neno la mwingine pasipo kuongeza. Kisha atajwe jina la aliyemtuma. Kisha arudie kwa ajili ya aliye mbali. Na mwisho, akiisha kuaminiwa, apewe ruhusa ya mzaha. Wengi siku hizi huanza na mzaha, na imani huifuata nyuma wasiipate.

Na parokia iwekapo mtu wa kuongoza sikukuu, imkabidhi kwa kalamu maneno ya kutangaza, na majina ya watu yaliyoandikwa wazi, na mpaka wa mzaha. Asiyepewa neno atasema lolote, na hapo lawama si yake peke yake. Mbiu ina mwenyewe, na mwenyewe asiponena, mpigaji hujaza kimya kwa kile kilichomo kinywani mwake.